Macho Makavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sukari, Mafuta na Mwako wa Jicho

Maswali haya yameokotwa kwenye foleni za kliniki za macho hapa Mombasa, mbele ya kaunta za kemisti, na kwa jamaa wanaopiga simu saa nne za usiku wakiuliza “dawa gani nitie”. Jibu lililokwisha kutolewa mahali pengine halirudiwi. Utaelekezwa swali lilipo.

## Mwanzo wa mambo

Macho yangu yanatiririka machozi mchana kutwa. Vipi mniambie ni makavu?

Hakuna swali linaloulizwa kwa hasira kama hili, na mwenye kuuliza ana haki. Machozi yana njia mbili. Kuna yale ya kila dakika, machache, yanayolilainisha jicho bila wewe kujua. Na kuna ya dharura, yanayomwagika ukikata kitunguu au ukiingiwa na vumbi. Machozi ya kila dakika yakiwa mabovu, uso wa jicho hukauka, neva zake hulalamika, na tezi hujibu kwa kumwaga ya dharura. Hayo ni maji matupu: yanateremka shavuni, na jicho linabaki na kiu ileile.

Machozi si maji tu?

Hapana. Chini kabisa kuna ute unaoyafanya machozi yashike kwenye jicho badala ya kuteleza. Katikati kuna maji yenye chumvi na protini za kulinda. Juu kuna utando mwembamba wa mafuta. Mchuzi wenye mafuta juu hauvukizi upesi kama maji ya moto. Mafuta yale ndiyo kifuniko, na jicho nalo lina kifuniko chake.

Mafuta hayo hutoka kwenye tezi za meibomi, zilizopewa jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Kope ya juu huwa na tezi kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30, na midomo yake imejipanga ukingoni nyuma tu ya nywele za kope. Wagonjwa wengi wa macho makavu wana kasoro ya mafuta, peke yake au pamoja na upungufu wa maji. Ndiyo maana ushauri wa “kunywa maji mengi, mwanangu” mara nyingi hauzai matunda.

Nitajuaje kama ni hali hii?

Macho kuwaka. Kuhisi mchanga ambao ukiutafuta huuoni. Ukungu unaoondoka ukipepesa kisha ukarudi. Kushindwa kuvumilia feni. Wengi huzidiwa jioni, ingawa wenye tatizo la kope mara nyingi huamka nalo.

Kliniki wataweka kijikaratasi kwenye kope ya chini kwa dakika 5 kuona machozi yamelowesha milimita ngapi. Chini ya 5 ni upungufu mkubwa. Watatia pia rangi ya manjano na kuhesabu sekunde utando wa machozi unazodumu kabla ya kupasuka. Chini ya 10 ni dalili kwamba machozi hayatulii. Mwambie daktari pia akubane kope kidogo aone mafuta yanayotoka yakoje. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya gharama, na kinarukwa mara nyingi mno.

Huu ndio ule ugonjwa wa macho mekundu uliotuzunguka mapema 2024?

Sio. Ule ulikuwa wa kuambukiza, mtu mmoja nyumbani akiupata wote wanapokezana. Macho makavu hayaambukizi. Lala mto mmoja na mumeo bila wasiwasi.

## Sukari, mafuta na mwili mzima

Umetaboli ni nini, na unafikaje mpaka machoni?

Umetaboli ni kazi yote ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nguvu, kujenga na kukarabati, na kuweka akiba. Wali wa nazi uliokula mchana sasa ni sukari kwenye damu, kesho huenda ni mafuta kiunoni.

Jicho limo ndani ya hesabu hiyo. Konea, kile kioo cha mbele, haina mishipa ya damu hata mmoja. Hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi, na sukari yake kutoka kwenye maji yaliyo nyuma yake. Tezi ya machozi, tezi za mafuta na seli za ute hufanya kazi usiku na mchana na zinahitaji nishati kwa kipimo. Sukari na mafuta ya damu yakienda mrama kwa miaka, tezi hizi ndogo huathirika kama figo na miguu inavyoathirika, ila hakuna anayezikumbuka.

Nina kisukari. Nilidhani kinaharibu nyuma ya jicho tu?

Kinaharibu nyuma, na uchunguzi wa retina wa kila mwaka usiukose. Lakini mbele nako kuna kazi inafanyika kimyakimya.

Kwanza ni neva. Konea ina neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na sukari iliyokaa juu muda mrefu huzipunguza kama inavyozipunguza neva za nyayo. Neva ndizo zinazoiambia tezi “toa machozi” na kope “pepesa”. Zikififia, amri haifiki.

Pili, sukari iliyozidi hujibandika kwenye protini na kuzifanya ngumu, na seli zinapolazimika kuichoma sukari hiyo hutoa mabaki makali yanayoziunguza zenyewe. Tezi ya machozi inachoka, seli za ute zinapungua, na mwako unawashwa. Jinsi unavyoendelea imeelezwa kwenye swali la chumvi hapo chini.

Tatu, kidonda kidogo cha konea hupona polepole kwa mwenye sukari. Mwenzako atakwaruzwa na kucha ya mtoto apone kesho kutwa. Wewe huenda ukakaa nacho wiki.

Nikishusha sukari, macho yatapona?

Utapunguza uharibifu unaoendelea, na hilo si dogo. Lakini tezi ya mafuta iliyokwisha sinyaa haichipui tena, na neva hurudi taratibu mno kama zikirudi. Usiahidiwe muujiza. Pima sukari ya miezi mitatu, ile inayoonyesha wastani, kuliko kutegemea kipimo cha asubuhi moja uliyojinyima mahamri kwa sababu ulijua unakwenda kliniki.

Sukari yangu iko sawa ila kolesteroli iko juu. Inahusu?

Yawezekana. Mafuta ya nazi yaliyoachwa kwenye chupa Mombasa huwa maji. Chupa hiyohiyo ikipandishwa Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi utaikuta imeganda nyeupe. Mafuta ya kope nayo yana joto lake la kuyeyukia, karibu na joto la ngozi yenyewe. Yakibadilika mchanganyiko wake, joto hilo hupanda, na mafuta yaliyopaswa kutiririka yanakuwa mazito kama dawa ya meno. Mdomo wa tezi unaziba, yaliyo nyuma yanarundikana, na tezi inasinyaa kwa kubanwa.

Tafiti kadhaa zimekuta kolesteroli ya juu mara nyingi zaidi kwa watu wenye tezi za kope zilizoziba. Kukutwa pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine, na wapo wenye damu safi kabisa ilhali kope zao zimeziba. Ila daktari akikwambia kope zimejaa mafuta mazito nawe una miaka 35, si vibaya kupima mafuta ya damu. Huenda jicho limekusaidia kugundua jambo mapema.

Na kitambi?

Mafuta ya tumboni hayajalala tu. Hutoa kemikali za mwako kwenye damu, zilezile zinazopatikana kwenye machozi ya wagonjwa. Ushahidi juu ya kisukari una uzito. Juu ya unene peke yake, tafiti hazisemi kauli moja. Punguza kitambi kwa ajili ya moyo wako. Jicho likifaidika, ni nyongeza.

Mbona wanaolalamika wengi ni wanawake?

Tezi za mafuta za kope hutegemea homoni za androjeni, ambazo wanaume wanazo kwa wingi na wanawake kwa kiasi kidogo kinachopungua na umri. Hedhi ikishakoma, malalamiko huongezeka. Magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe nayo huwapata zaidi wanawake. Ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933, huvamia tezi za machozi na za mate, na kati ya wagonjwa 10, 9 ni wanawake. Ukiwa na macho makavu, kinywa kisichomeza mkate bila maji, na viungo vinavyouma, sema yote matatu kwa pamoja mbele ya daktari. Ukisema moja moja kwa madaktari watatu, hakuna atakayeunganisha.

Tezi ya thairoidi ya shingoni nayo ikizidisha kazi inaweza kuyatoa macho nje hata kope zisifunge vizuri.

## Mwako

Daktari amesema nina inflamesheni. Ni maambukizi?

Sio lazima. Inflamesheni ni mwako wa ndani: jeshi la kinga limeitwa na linapigana. Kwenye kidonda chenye usaha linapigana na vijidudu. Kwenye jicho kavu mara nyingi hakuna adui wa kupigwa, basi linawapiga wenyeji. Ndiyo sababu dawa ya kuua vijidudu uliyopewa bila kupimwa haikukusaidia.

Chumvi ya machozi inaingiaje hapa?

Ukipita Gongoni, kule kaskazini ya Malindi, utaona mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaachwa juani, maji yanaruka, chumvi inabaki. Jicho lisilo na kifuniko cha mafuta ni shamba dogo la namna hiyo. Machozi ya kawaida yana ukolezi wa chumvi wa karibu milosmoli 300 kwa lita. Yakivuka 308 wataalamu huanza kushuku.

Machozi yaliyokolea huvuta maji kutoka kwenye seli za uso wa jicho. Seli zinasinyaa, zinapiga kelele kwa kutoa kemikali za mwako, na vimeng'enya vinaanza kukata nyuzi zinazozishikilia pamoja. Askari wa kinga hubeba habari hadi kwenye tezi za limfu na kurudi na kikosi. Kemikali moja ya kikosi hicho, gama interferoni, huua seli za ute. Ute ukipungua machozi hayashiki. Yasiposhika yanapasuka upesi zaidi na kukolea zaidi, na kikosi kingine kinaitwa.

Sasa rudi kwenye sukari na mafuta ya damu. Mwenye kisukari huingia kwenye mzunguko huu kupitia neva na tezi ya maji. Mwenye kope zilizoziba huingia kupitia kifuniko. Ukishaingia, mzunguko unajiendesha wenyewe hata kilichouanzisha kikiondoka. Mwaka 2017, jopo la kimataifa la wataalamu wa machozi liliyaweka mambo haya ndani ya tafsiri yenyewe ya ugonjwa: machozi yasiyotulia, chumvi iliyozidi, mwako, na kasoro za neva.

Kwa hiyo machozi ya dukani hayana maana?

Yana maana, lakini yanajibu nusu ya tatizo. Yanapunguza makali ya chumvi kwa muda. Hayazibui tezi wala hayazimi mwako, isipokuwa hali ikiwa bado nyepesi.

Ukiyatia zaidi ya mara 4 kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu chupani. Kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, hudhuru uso wa jicho kikizidi. Utakuwa unazima moto kwa mafuta ya taa.

## Mji wetu huu

Mombasa hewa yenyewe inatoa jasho. Vipi macho yakauke?

Hewa ya nje ina unyevu, kweli. Lakini hesabu saa zako. Ofisi yenye eyakondishena, muda wa saa 8: mashine ile hukamua unyevu, ndiyo yale maji yanayodondokea wapita njia. Boda boda daraja la Nyali bila kushusha kioo cha helmeti. Usiku, feni imeelekezwa usoni. Na katikati ya yote, simu: mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, akikodolea skrini hushuka hadi nusu au chini yake. Kupepesa ndiko kunakokamua mafuta kutoka kwenye kope.

Geuza feni ipige miguuni. Keti mbali na mdomo wa eyakondishena. Kwenye simu, funga macho kabisa kila baada ya muda, kope mbili zigusane; kupepesa nusu hakuhesabiki.

Moshi wa udi?

Hapa najua nitagombana na mashangazi. Moshi ni moshi, uwe wa sigara, wa mkaa au wa udi wa bei ghali. Huwasha uso wa jicho na kuvuruga utando wa mafuta. Fukiza nguo chumba kingine, fungua madirisha, kisha ingia. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, na moshi wake ni moshi vilevile. Wanja nao ukipakwa ndani ya ukingo wa kope unakaa juu kabisa ya midomo ya tezi. Upake nje ya nywele.

Samaki wanasaidia?

Mafuta ya omega-3 yaliyomo kwenye vibua, samaki waitwao simu, na dagaa hupunguza mwako mwilini, kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018: watu 535, mwaka mzima, wengine wakimeza gramu 3 za omega-3 kila siku, wengine mafuta ya zeituni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Basi usitumie pesa za karo kwa vidonge. Simu wa kuchoma endelea kuwala, ni chakula kizuri, na hao hawakufanyi usahau kupepesa kama simu ya mkononi.

Nikifunga Ramadhani, dawa ya matone inaniharibia saumu?

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Pwani, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi, na Jumba la Kimataifa la Fikhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa matone ya macho hayafunguzi. Mwenye wasiwasi aulize sheikh wake, au atie wakati wa daku na baada ya kufuturu. Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, na si kwa sababu ya macho peke yake.

## Matibabu

Kukanda kope kunafanywaje?

Ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na wengi huikosea. Kitambaa safi, maji ya moto ya kuvumilika, karibu nyuzi 40. Kiweke juu ya kope zilizofungwa dakika 10, ukikichovya tena kila dakika 2 kwa sababu kinapoa upesi. Kitambaa cha vuguvugu kilichokaa dakika moja hakiyeyushi kitu. Kisha sugua kope taratibu kuelekea ukingoni, ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu, na ufute ukingo. Kila siku, wiki kadhaa. Mwenye kisukari apime joto kwa kifundo cha mkono cha mtu mwingine ikiwa vidole vyake vimekufa ganzi.

Na dawa za kuzima mwako?

Zipo, kwa cheti cha daktari. Matone ya siklosporini hutuliza seli za kinga, ila huchukua miezi na huwasha mwanzoni. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani yamewakataa. Doksisiklini ya kumeza hutumika kwa kope zilizoziba, kwa uwezo wake wa kupoza mwako zaidi ya kuua vijidudu. Mjamzito asitumie, wala mtoto mdogo.

Matone ya steroidi hupoza upesi kuliko yote, na hapo ndipo hatari ilipo. Yakitumiwa bila kuangaliwa hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Chupa aliyoandikiwa jirani si yako. Matone ya kung'arisha weupe wa jicho nayo yaache. Wekundu hurudi ukiwa mkali zaidi.

Chai, asali, maziwa ya mama?

Hapana kwa yote matatu. Hakuna kilicho safi kwa kiwango cha jicho, na konea iliyokauka tayari ina nyufa za kupitisha vijidudu.

## Hali zisizo za kawaida

Nina kisukari, daktari anasema macho yamekauka vibaya, lakini sisikii chochote.

Amini daktari. Neva zilizokufa hazilalamiki. Tazama swali la kisukari. Wewe ndiye wa kuangaliwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kidonda cha konea kinaweza kukuingia bila taarifa. Kinyume chake nacho kipo: mtu anaumia sana na jicho likipimwa linaonekana karibu salama. Huyo si mwongo. Neva zake zimejifunza kuuma.

Nilipewa dawa ya miguu inayowaka, tangu hapo macho yamezidi.

Huenda ni amitriptilini, inayotumika kwa maumivu ya neva na inayokausha macho na kinywa. Dawa za mzio zinazoleta usingizi hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kukojoza za presha pia. Usiache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi kuna nyingine.

Mama alitolewa mtoto wa jicho, anaona vizuri ila jicho linawaka.

Kisu hukata baadhi ya neva za konea, na matone ya baada ya upasuaji yana kihifadhi. Kwa wengi hutulia ndani ya miezi michache. Aliyekuwa na kope zilizoziba kabla ya upasuaji huumia zaidi, kwa hiyo ni heri zikandwe mapema.

Mtoto wangu wa miaka 3 ana macho makavu na usiku anagongagonga vitu.

Usikande, usisubiri, nenda hospitali leo. Mtoto asiyeona gizani na mwenye macho yasiyong'aa huenda amepungukiwa vitamini A, na konea yake inaweza kuyeyuka kwa siku chache. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini hiyo kila miezi 6 kwenye vituo vya afya. Angalia kitabu chake cha kliniki kama amekosa.

Ni lini mtu mzima naye akimbie bila kungoja miadi?

Maumivu makali, mwanga usiovumilika, kuona kuliokufifia ghafla, usaha, au doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Ukivaa lenzi za machoni, zitoe kwanza na uende nazo ndani ya kikasha chake, kwa sababu huenda wakataka kuzipima.